Kupanga Picha: Tuliyojifunza Darasani

Hotuba iliyosomwa na karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mmeona katika taarifa ya Mweka Hazina ya kwamba mwaka huu Chama kiliwalipia watu watatu ada ya darasa la kupiga picha. Tumesikia pia, wala hatuoni vibaya kulitaja hapa, ya kwamba baadhi ya wanachama wameuliza: Je, fedha zilizochangwa kwa ajili ya wajane na karo za watoto zimekwenda kuwafundisha watu wazima kubonyeza kitufe, kazi ambayo hata mtoto mdogo aifanya kwa simu ya mama yake? Swali hilo ni la haki. Aliyetumia fedha za Chama hana budi kutoa hesabu, nasi tumesimama kuitoa.

Jambo hili lilianza kwa msiba. Wengi wenu mwamkumbuka Mzee wetu aliyelitunza sanduku la Chama kwa miaka kumi na tisa, tangu siku ambazo michango ilihesabiwa juu ya mkeka mpaka tulipofungua hesabu katika benki. Alipofariki wakati wa mvua za masika, jamaa zake walitujia wakaomba picha yake moja ya kuweka juu ya jeneza. Tuliwajibu kwa furaha kwamba picha tunazo tele, kwa maana hakuna mkutano aliokosa. Tukafungua kabati, tukatoa bahasha zote, tukazitandaza juu ya meza.

Ndugu wanachama, tulipata picha ishirini na tatu ambazo Mzee yumo, wala hapakuwa na moja iliyofaa. Katika moja ukingo wa picha ulimkata sikio na bega. Katika nyingine alikuwa nyuma ya mgeni wa heshima, akionekana kofia tu. Katika ya tatu mlingoti wa bendera ulionekana kana kwamba umemwota kichwani. Tena zilikuwako nyingi alizosimama mbele ya ukuta mweupe wakati wa adhuhuri, na uso wake ukawa mweusi kama chungu cha jikoni, hana macho wala mdomo. Mwisho wake jamaa walikwenda kuikuza picha ndogo ya kitambulisho chake, nayo ilikuwa hafifu, yenye mikunjo.

Mama mjane hakutukaripia. Alizitazama zile picha moja moja, akazirudisha katika bahasha, akasema, "Wanangu, miaka yote hii mlikuwa naye. Mbona hamkumtazama?" Picha hizo nyingi tulizipiga sisi wenyewe tunaosimama mbele yenu, wala hatuna wa kumsingizia. Neno lile lilituchoma, na ndilo lililoifanya Kamati ikubali kututuma darasani.

Darasa lilikuwa la Jumamosi, kwa Jumamosi nane, katika ukumbi mmoja upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Tuliokwenda tulikuwa watatu: karani wenu, mmoja wa kikundi cha akina mama, na kijana mmoja wa tawi la vijana. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa makamo aliyezeekea katika kazi ya studio, tangu enzi ya filamu. Siku ya kwanza tulifika na kamera ya Chama imepanguswa vizuri na simu zetu zimejazwa moto. Mwalimu akaviweka vyote ndani ya kikapu, akampa kila mtu kipande cha kadibodi chenye dirisha la upana wa sentimita sita na urefu wa sentimita nne. Akatuambia tutoke uani, tulishike dirisha hilo mbele ya jicho moja, na tutazame mpaka kengele ilie.

Tulidhani anatufanyia mzaha. Lakini saa moja ile ilitufunza zaidi ya miaka yetu yote ya kubonyeza. Wahenga walisema macho hayana pazia, nao walisema kweli. Lakini macho yana kiongozi, nao ni moyo. Ukimtazama rafiki yako sokoni, moyo humchagua yeye na kuyasahau magunia, waya za umeme na mtu apitaye nyuma yake. Kamera haina moyo wa kuchagua. Yote yaliyomo ndani ya dirisha huyachukua kwa usawa, rafiki na gunia pamoja. Basi kupanga picha ni kuifanyia kamera kazi ambayo moyo huifanya kwa macho: kuamua ni nini kiingie, ni nini kitoke, na kila kimoja kikae wapi.

Jumamosi ya pili tulielezwa historia, nasi twaipitia kwa ufupi. Nchini Ufaransa, Nicéphore Niépce aliipata picha ya kudumu ya mandhari ya dirishani kwake mwaka 1826 au 1827, nayo ilihitaji mwanga wa saa nyingi. Mwaka 1839 njia ya Daguerre ilitangazwa huko Paris, na kazi ya picha ikaenea duniani. Kisha mwaka 1888 George Eastman wa Marekani akauza kamera ya Kodak iliyokwisha kutiwa filamu ya picha 100, ili mtu yeyote abonyeze tu na kazi nyingine aiachie kampuni. Jambo la ajabu ni kwamba kamera ile ya kwanza haikuwa na kitundu cha kuchungulia. Mtu aliielekeza kwa kukisia. Mwalimu wetu alisema kwamba urahisi wa kubonyeza ulitangulia, na ufundi wa kutazama ukaachwa nyuma. Siku za filamu ya picha 36, bei ya filamu ilimfanya mtu afikiri kwanza. Leo simu haina mwisho, na kwa hiyo twapiga mia ili tupate moja, na pengine hiyo moja haimo.

Sasa twaomba kuyaeleza mafunzo yenyewe, kwa maana ndiyo mali mliyoinunua.

La kwanza ni ukingo wa picha na yaliyo nyuma. Kabla ya kubonyeza, zungusha jicho katika pembe zote nne. Ukiona mkono wa mtu, mguu wa kiti, au nusu ya uso, ama uingize wote ama uutoe wote. Kisha tazama nyuma ya kichwa cha mtu: kama pana mlingoti, mti au dirisha, sogea hatua moja kushoto au kulia, nacho kitamwacha. Hatua moja tu ingaliuondoa ule mlingoti kichwani mwa Mzee wetu. Hatukuipiga hatua hiyo, kwa sababu hatukuuona mlingoti.

La pili ni kanuni ya theluthi. Fikiri kwamba umechora mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala juu ya picha, ikagawanyika katika visanduku tisa vilivyo sawa. Mahali mistari inapokutana ndipo jicho la mtazamaji hupenda kutulia. Kanuni hii ni ya zamani kuliko kamera: jina lake liliandikwa na Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797, naye alikuwa akiwaeleza wachoraji. Mtu mmoja akikaa kwenye mstari wa kushoto huku akitazama upande wa kulia, picha humpa nafasi ya kutazamia; lakini akisongwa ukingoni huku uso wake umeuelekea ukingo huohuo, huonekana kama aliyefungiwa mlango. Vilevile mstari wa upeo wa macho usiikate picha katikati bila sababu, wala usiegame kama merhani ya mashua iliyovunjika. Simu nyingi zaweza kuionyesha mistari hiyo kwenye kioo chake, nasi tutamsaidia kila atakaye. Hata hivyo mwalimu alituonya kwamba kanuni hii ni fimbo ya kutembelea, wala si sheria ya Serikali. Mtu anayeapishwa, au bibi aliyekaa kwenye kigoda chake, aweza kuwekwa katikati kabisa na picha ikapata heshima yake.

La tatu ni kimo cha kamera. Ukimpiga mtu picha kutoka juu, humpunguza. Ukimpiga kutoka chini, humkuza. Wazee wetu huketi, nasi hupiga picha tukiwa tumesimama. Kwa hiyo miaka yote tumekuwa tukiwatazama wazee wetu kutoka juu, jambo ambalo hakuna kati yetu angelithubutu kulifanya katika mazungumzo. Sasa tumejifunza kupiga goti. Mwenzetu wa kikundi cha akina mama alisema kwamba alifundishwa na nyanya yake kupiga goti akimpa mkubwa maji, na kumbe kamera nayo yataka adabu ileile.

La nne ni mwanga, na hapa twaomba tukae kidogo, kwa sababu latuhusu sisi watu weusi kwa namna ya pekee. Kamera hupima mwanga wa dirisha lote na kutafuta kiasi cha kati. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa au bati linalong'aa, kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na uso hupotea. Hatia si ya uso. Tena tuliambiwa jambo ambalo wengi hatukulijua: kwa miaka mingi katika karne iliyopita, maabara zilizosafisha picha za rangi zilipima rangi zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Rangi ya ngozi yake ilikuwa ndiyo kipimo cha rangi iliyo sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kutumika baadaye sana, katika miaka ya 1990. Basi msishangae mkiona picha za zamani ambamo jino na kola ya shati zinang'aa na uso haupo.

Dawa yake si ngumu. Mwondoe mtu juani wakati wa adhuhuri, ambapo jua letu la ikweta huanguka utosini na kuyatia macho kivuli. Mkalishe barazani, penye kivuli kilicho wazi, akiuelekea uwanja, ili mwanga laini umjie usoni. Nyuma yake pawe na kitu kisicho cheupe mno. Ukitumia simu, gusa uso wake kwenye kioo ili kamera ipime hapo. Saa njema za nje ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni.

Ili tusidhani kwamba ufundi huu ni wa nchi za mbali tu, mwalimu alitueleza habari za Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Alitumia mwanga wa jua uani, akatundika kitambaa chenye maua nyuma ya watu, hata shuka ya kitanda chake mwenyewe, akawageuza wateja kidogo kwa upande, akapanga mikono yao na mikunjo ya nguo zao. Watu walifika wamevaa vizuri, na kila mmoja alitoka katika picha akiwa bwana au bibi wa nafsi yake. Siku hizo palikuwapo picha nyingi za Waafrika zilizopigwa na wageni, ambamo mtu aliandikwa jina la kabila tu, kana kwamba hana baba wala mama aliyempa jina. Tofauti kati ya picha hizi na zile haikuwa katika kamera. Ilikuwa katika macho ya aliyeishika.

Sasa twafikia jambo zito. Jumamosi ya tano mwalimu aliagiza kila mmoja alete picha ya zamani ya chama chake au kanisa lake au shule yake, aiweke mezani, na ajibu maswali matatu mbele ya wenzake: Nani yuko katikati? Nani yuko ukingoni? Nani hayumo?

Tulileta picha ya Mkutano Mkuu wa miaka sita iliyopita, ile iliyotundikwa ofisini. Swali la kwanza lilikuwa jepesi: viongozi wameketi vitini katikati, na mgeni wa heshima kati yao. Swali la pili likatufunga mdomo. Kwenye ukingo wa kulia umeonekana mkono wa mwanamke uliobeba sinia la vikombe, umekatwa juu kidogo ya kiwiko. Darasa likauliza, "Huyu ni nani?" Hatukujua. Tuliporudi tuliwauliza waliokuwapo siku ile. Tukapewa majina matatu, na kila aliyetoa jina alikuwa na hakika. Swali la tatu lilitutia haya zaidi. Akina mama waliopika tangu alfajiri hawamo. Waliokwenda kutafuta viti kwa majirani hawamo. Na Mzee wetu mtunza sanduku hayumo, kwa kuwa wakati ule alikuwa chumbani akihesabu michango ya siku, kazi ambayo sisi wenyewe tulimpa.

Hakuna aliyekusudia kumdharau mtu. Lakini picha ile imekaa ukutani miaka sita ikisema kwamba Chama hiki ni wale waliokaa vitini. Mtoto aingiaye ofisini leo ataamini hivyo, maana picha haina mdomo wa kujisahihisha. Kuna methali isemayo, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani tuliitumia kwa shilingi tu. Hatukuwaza kwamba watu nao ni mali, na kwamba picha ni daftari lao.

Haifai kueleza mafanikio na kuficha makosa. Baada ya darasa la saba tulitaka kujaribu elimu yetu siku Chama kilipotoa misaada ya karo. Tulimchagua kijana mmoja aliyepewa msaada, tukamweka kwenye mstari wa theluthi, mwanga wa jioni ukimjia usoni, nyuma yake ukuta wa kijani, hundi mkononi. Kwa kanuni zote tulizofunzwa, picha ilikuwa safi. Tukaipeleka kwa mama yake kwa furaha. Mama akaitazama, akasema, "Ni nzuri, lakini msiitie kitabuni. Wenzake shuleni hawajui kwamba analipiwa." Tuliitazama upya. Ndipo tulipoona kwamba kijana ameinamisha macho, nasi tulikuwa tumeisifu ile hali tukidhani ni adabu. Tulipanga kila kitu isipokuwa kumwuliza.

Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu yataka ridhaa ya mzazi au mlezi katika mambo ya mtoto. Lakini hata kama pasingalikuwa na sheria, neno la mama yule lingalitosha. Ndiyo maana ukurasa wa misaada ya karo katika kitabu hiki hauna picha mwaka huu. Hatukusahau kuitia. Tumeiacha kwa makusudi, na twaamini kuacha nako ni sehemu ya kupanga.

Bwana Mwenyekiti, kwa mafunzo hayo twaleta mbele ya Mkutano mapendekezo manne. Kwanza, kila mzee na kila mwanachama wa muda mrefu apigwe picha yake mwenyewe mara moja kila mwaka, ameketi barazani, amevaa apendavyo, na nakala moja apewe jamaa yake bila malipo. Pili, kabla ya picha ya pamoja, majiko yafunikwe na sanduku lifungwe kwa ufunguo, ili waliopika na wanaohesabu waitwe kwanza. Tatu, nyuma ya kila picha yaandikwe majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali na tarehe. Na picha za simu ziandikwe vivyo hivyo katika daftari maalumu kabla ya mwezi kwisha. Nne, picha ya mtu aliyepokea msaada isichapishwe bila ya ridhaa yake, na kama ni mtoto, bila ya ridhaa ya mzazi.

Tumeambiwa na mzee mmoja tunayemheshimu kwamba desturi ni viongozi kukaa katikati, na kwamba tusiigeuze. Twakubaliana naye. Hatuombi mtu yeyote aondolewe kitini. Twaomba tu mpiga picha arudi nyuma hatua kumi, ili safu ziwe tatu badala ya moja, na wote waingie. Tena kurudi nyuma kuna faida ya kiufundi, maana simu ikikaribia mno huwavuta na kuwapanua nyuso wale walio pembeni; nasi tunao wanachama ambao hawatatusamehe kwa hilo.

Kuhusu gharama, kamera ni ileile ya zamani, na simu ni zetu wenyewe. Kilichonunuliwa ni elimu, na tutaifundisha bure kwa vijana na akina mama wa matawi yote, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukianza na kile kipande cha kadibodi chenye dirisha. Tumekwisha kukata thelathini kutoka katika makasha ya sabuni.

Mama mjane wa Mzee wetu yuko nasi leo, ameketi safu ya nne karibu na mlango. Kosa tulilomfanyia hatuwezi kulirudisha nyuma; picha ya mtu aliyekwisha kufariki haipigwi tena. Lakini wapo hapa wazee na akina mama wengi ambao bado hatujawatazama, na jioni ingali na mwanga.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba kwamba Mkutano ukiisha saa kumi, watu wasitawanyike. Tumepanga mabenchi mbele ya baraza upande wa mashariki wa jengo, palipo na kivuli. Akina mama wa jikoni watangulie, wakivaa aproni au wakizivua wapendavyo. Mweka Hazina atoke chumbani. Kila mtu amtajie karani jina lake aandikwe kabla ya kusimama mahali pake.